Nenda Ukamjulie Hali, na Kesho Urudi

Muuga kwenu mlio hapa Maua, na kwenu wa Laare, Kangeta na Mutuati. Wenzetu wa Meru mjini, Chuka, Embu na Runyenjes, karibuni pia. Kama uko jikoni, endelea kupika huku unanisikiliza. Kama uko kwenye matatu, mwombe dereva aongeze sauti kidogo. Mazungumzo ya leo ni ya polepole, na ningependa tuwe pamoja hadi mwisho.

Naanza na swali. Mara ya mwisho ulipobisha hodi kwa mtu, ulikuwa umefuata nini? Labda alikuwa na mgonjwa. Labda alikuwa amefiwa. Labda kulikuwa na mahari ya kupeleka, mchango wa karo, au deni. Sasa la pili: ni lini ulibisha hodi kwa sababu tu ulitaka kujua mwenye nyumba anaendeleaje, moyoni na akilini mwake? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe.

Sisi watu wa Nyambene si wavivu wa kutembeleana. Nenda pale Hospitali ya Kimethodisti ya Maua, ambayo imetutibu sisi na wazazi wetu tangu mwaka wa 1928, saa ya kuona wagonjwa. Langoni hapapitiki. Huyu amebeba uji kwenye thamosi, yule ana ndizi, mwingine amekuja mikono mitupu lakini amekuja. Kijana wa bodaboda akivunjika mguu, wenzake wa stendi wanachanga jioni hiyo hiyo. Mtu akifiwa, kabla ya giza kuingia viti vimeshapangwa uani. Hilo ni jambo jema sana na tusiliache.

Lakini yule ambaye akili yake imelemewa, anayeamka kila siku akiwa hana hamu ya kitu chochote, anayeketi na watu na hayupo, huyo hakulazwa. Na kwa kuwa hakulazwa, hana saa ya kuonwa. Hakuna anayejua aende lini, kwa hiyo hakuna anayekwenda. Ndiyo maana leo nakuomba, msikilizaji, saa hiyo uiweke wewe. Nenda ukamjulie hali. Na kesho, au kesho kutwa, urudi. Neno hili la kurudi nitalirudia mara kadhaa, mnivumilie, kwa sababu ndilo tunalolisahau.

Kwa nini nalisema hili hapa Maua? Nalisema kwa sababu najua tunavyoishi. Mji huu unakula kwa miraa. Alfajiri vijana wameshapanda miti. Asubuhi miraa inachaguliwa, inapangwa, inafungwa, inaviringishwa ndani ya majani ya mgomba ili isinyauke, kisha magari yanaondoka kwa kasi ile mnayoijua kuelekea Nairobi. Miraa haingoji mtu. Ikikaa siku chache tu bila kupata mnunuzi, jasho lote limepotea.

Na biashara yenyewe kwa sehemu kubwa inaendeshwa kwa kuaminiana. Mkulima anamwachia mnunuzi mzigo leo, pesa atazipata ukishauzwa. Mnunuzi naye amemwamini aliye mbele yake, na huyo wa mbele amemwamini mwenzake aliye ng'ambo. Soko likiwa wazi, mambo yanakwenda vizuri. Siku soko likifungwa kule mwisho, kila mmoja katika msururu huo anabaki anadai na anadaiwa.

Na limefungwa, wasikilizaji. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka wa 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014. Halafu Machi 2020, korona ilipoingia, Somalia ikazuia ndege za miraa, na huku tukangoja hadi Julai 2022 ndipo mzigo ukaruhusiwa tena kwenda Mogadishu. Zaidi ya miaka miwili! Katika miaka hiyo tulizungumza sana kuhusu miraa. Wanasiasa walizungumza, viongozi wa wakulima walizungumza, sisi wa redio tulizungumza. Tulihesabu magunia, tukahesabu shilingi. Yule baba aliyechukua mkopo wa kujengea nyumba akitegemea miraa ya Somalia, ni nani alimuuliza anapata usingizi saa ngapi?

Nataka tumtazame mtu huyo kwa karibu, maana simtungi. Wako wengi, na wewe unamjua mmoja.

Kwanza anaacha kushika simu, kwa sababu kila anayepiga anadai. Kisha anabadilisha njia. Badala ya kupita barabara kubwa, anazungukia nyuma ya soko asije akakutana na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kisha siku ya chama inafika na yeye hayupo; ametuma neno kwamba amepata safari. Mwezi wa pili hatumi hata neno. Kanisani nafasi yake inakaliwa na mtu mwingine. Na sisi tunasema nini? Tunasema ana madharau siku hizi. Tunasema anakwepa madeni. Ni kweli anakwepa. Lakini pamoja na hao wanaomdai, amewakwepa pia watu wote ambao wangemtazama usoni wakaona kwamba hayuko sawa. Amebaki na mke ambaye anamfokea, na watoto ambao wamejifunza kunyamaza akiingia.

Mtu huyo hatakuja kwako. Nasema tena: hatakuja kwako. Aibu haimruhusu, na ugonjwa wenyewe umemwondolea nguvu ya kuinuka. Ukisema, "Akiwa na shida atanieleza," umemwachia yeye kazi ambayo hawezi kuifanya. Wewe uliye mzima ndiye mwenye miguu ya kwenda.

Sasa kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa heshima, kwa kuwa miraa ni mali yetu na imewasomesha watoto wetu hadi vyuo vikuu. Miraa inaficha uchovu. Mtu anayetafuna anakuwa macho, maneno yanamjaa, anapanga mipango mikubwa ya kesho. Ukimkuta saa tatu za usiku na wenzake, ndiye anayecheka kwa sauti kuliko wote, na wewe utaondoka ukisema huyu hana neno. Lakini saa tisa za usiku handasi, ule msisimko wa miraa, imeisha, wenzake wamekwenda, na usingizi umekataa kuja. Usiku wa pili ni hivyo hivyo, na wa tatu. Kukosa usingizi siku nyingi kunamdhoofisha hata mtu aliyekuwa mzima. Na kwa yule ambaye akili yake tayari imelemewa, au aliyewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kutafuna kupita kiasi kunaweza kumzidishia ugonjwa. Wenzetu wa Mbeere wenye muguka, ndugu ya miraa, nanyi mnaelewa ninachosema.

Simwambii mtu ang'oe miti yake. Ninachosema ni hiki: rafiki yako akianza kutafuna zaidi ya kawaida yake, usitazame kicheko chake. Uliza habari za usingizi. Muulize, "Unalala?" Ni swali dogo, halimwaibishi mtu, na jibu lake litakuambia mengi. Mtu anayekataa kukueleza habari za moyo wake atakueleza kwamba hajalala tangu Jumapili.

Nimewazungumzia sana wanaume. Akina mama msifikiri nimewasahau.

Mama akijifungua, nyumba inajaa. Watu wanamshika mtoto, wanamtazama amefanana na nani, wanauliza: ananyonya? Analia usiku? Kitovu kimepona? Maswali yote ni ya mtoto. Yule mama ameketi pembeni na kanga mabegani, anatabasamu inapobidi. Wiki ya pili, ya tatu, anaanza kulia bila sababu. Anamtazama mtoto wake na hahisi kitu, na jambo hilo linamtisha kiasi kwamba hathubutu kulitamka. Mama mkwe anasema ni uvivu. Jirani ananong'ona kwamba huenda amerogwa. Si uvivu na si uchawi. Ni ugonjwa unaowapata akina mama wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Kwa hiyo shosho, shangazi, dada mkubwa, ukienda kumwona mtoto, mpe mtu mwingine ambebe, kisha mgeukie mama yake: "Na wewe, mwanangu, wewe uko aje?" Kisha ngoja jibu.

Wako pia vijana. Mvulana aliyeacha shule akiwa darasa la saba kwa sababu kuvuna miraa kulimpa pesa za mkononi, leo ana miaka ishirini na kitu, wenzake wamemaliza chuo, na yeye bado yuko juu ya mti. Msichana anayesubiri matokeo ya KCSE huku jamaa nzima ikimwambia yeye ndiye tegemeo. Hawa tunawapita kila siku tukiwaita wakaidi.

Tuje kwenye vitendo. Umeamua kwenda. Unaendaje?

Usiende na watu. Nakusihi, usimchukue mchungaji, mzee wa kijiji na shemeji, mkaketi mbele yake kama wazee wanaosikiliza kesi ya mpaka wa shamba. Atafunga mdomo, na siku nyingine akikuona atajificha. Nenda peke yako. Na usimketishe mkatazamana. Kwa wanaume wa kwetu hasa, maneno hutoka mikono ikiwa na kazi. Ukimkuta anapalilia, shika jembe. Ukimkuta anafunga miraa, kaa kando yake, vuta ukamba wa mgomba, funga pamoja naye. Acha kazi iende kidogo. Macho yenu yakiwa kwenye mzigo, yeye hana haja ya kuuficha uso wake.

Kisha sema ulichokiona, bila kuzunguka na bila kulaumu.

"Ndugu yangu, siku hizi sikuoni stendi. Nimekukosa."

"Niko tu."

"Uko, lakini umekonda. Unalala kweli?"

Hapo atanyamaza. Na hapo, wasikilizaji, ndipo wengi wetu tunapoharibu. Kimya kinatutisha, tunakimbilia kukijaza. Tunasema, "Vumilia, Mungu yupo." Tunasema, "Wewe ni mwanaume bwana, jikaze." Tunasema, "Afadhali wewe, fulani alipoteza shamba zima." Kila moja ya kauli hizo, hata kama umeitoa kwa upendo, inamwambia mtu huyo jambo moja: funga, sitaki kusikia zaidi. Ukimwambia ajikaze, ujue amekuwa akijikaza kwa miezi, na ndiko kulikomchosha. Ukimpa mfano wa aliye na shida kubwa zaidi, umemwongezea hatia juu ya huzuni.

Simaanishi tusiombe. Sisi ni watu wa sala. Omba naye, lakini omba baada ya kumsikiliza, ili ujue unamwombea nini.

Kwa hiyo nyamaza naye. Funga miraa. Ngoja. Akianza kusema, usimkatize, hata akisema jambo la kukushangaza.

Na kuna swali moja gumu. Nitalitamka hapa hewani ili siku ukilihitaji ulimi wako usikwame. Ukisikia mtu anasema amechoka na maisha, kwamba watu wangekuwa na nafuu kama yeye hayupo, au ukiona anagawa vitu vyake na kuaga watu kwa namna usiyoielewa, muulize waziwazi: "Je, umekuwa ukiwaza kujitoa uhai?"

Najua unachokiogopa. Unaogopa kwamba ukiuliza, utampa wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili, na Shirika la Afya Duniani linalisema bila kuficha: kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia uzito, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu mwingine anayejua. Akikujibu ndiyo, usimpigie kelele na usimhubirie. Usimwache peke yake. Hakikisha vitu vinavyoweza kumdhuru haviko karibu naye. Mwite mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini, na siku hiyo hiyo mfike hospitalini. Siku hiyo hiyo, sio kesho.

Hapa niwaambie habari ambayo wengi bado hamjaipata. Kwa miaka mingi, hapa Kenya, mtu aliyejaribu kujitoa uhai akanusurika alihesabiwa mhalifu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Fikiria mtu anatoka kwenye kitanda cha hospitali anapelekwa seli! Ndiyo maana familia nyingi zilificha. Walisema ni ajali, walisema ni tumbo, na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila kupata msaada uliomfaa. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kesi ilikuwa imepelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na mwananchi mmoja. Basi ukimpeleka mtu wako hospitalini, usifiche kilichotokea. Mweleze daktari ukweli wote.

Najua kuna msikilizaji anayesema: lakini mimi si daktari. Mimi nauza mboga pale soko la Maua. Nitamsaidiaje mtu mgonjwa wa akili?

Ni swali zuri. Madaktari wa magonjwa ya akili katika nchi yetu ni wachache, na wengi wao wako mijini. Mwaka wa 2019 serikali iliunda jopo likiongozwa na Daktari Frank Njenga, na ripoti yao ya mwaka wa 2020 ilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka huo wa 2020, wasikilizaji, ndio ule ule ndege za miraa zilipozuiwa. Ukisema tungoje hadi kila kijiji chetu cha Igembe kipate daktari wake wa akili, tutangoja muda mrefu.

Lakini sikilizeni walivyofanya wenzetu wa Zimbabwe. Kuna daktari wa akili kule anaitwa Dixon Chibanda. Alikuwa na mgonjwa, mwanamke kijana, aliyetakiwa kurudi hospitalini kuonwa tena. Familia haikuwa na nauli ya basi. Binti yule akajitoa uhai. Daktari Chibanda alihuzunika sana, akaelewa kwamba kukaa hospitalini akiwasubiri wagonjwa hakutoshi. Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, akaanza kazi na akina nyanya 14. Hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wazima waliojulikana na kuheshimiwa mtaani. Akawafundisha kusikiliza. Nje ya zahanati, chini ya mti, pakawekwa benchi la mbao. Unaketi, nyanya anaketi kando yako, unaeleza.

Na matokeo? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokuwa wamesaidiwa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshavuka mipaka, limefika Malawi na hata Zanzibar.

Jambo ninalolipenda zaidi katika kazi ya nyanya wale ni hili. Mtu anakuja na matatizo kumi yaliyofungamana, na yote yamemkalia kifuani kwa pamoja. Nyanya hamwambii atayamaliza yote. Anamuuliza: katika haya yote, tuanze na lipi? Wanachagua moja. Wanatafuta hatua moja. Akirudi wiki inayofuata, anaulizwa hatua ile imekwendaje.

Hilo halihitaji digrii. Tumrudie yule baba wetu wa miraa. Anadaiwa na watu saba. Usimwambie atafute pesa. Angekuwa nazo angelipa. Muulize: "Katika hawa saba, ni yupi anayekunyima usingizi kuliko wote?" Atakuambia ni mwenye duka. Basi mwambie, "Kesho asubuhi twende wote. Mimi nitasimama kando yako, wewe mwambie utalipa kidogo kidogo." Wenye maduka wengi wakimwona mdeni amekuja mwenyewe, tena na shahidi, hupoa. Na hata mwenye duka asipopoa, mtu wako ameshapita ile barabara kubwa mchana kweupe kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Mimi naliona hilo kuwa tiba kubwa.

Sasa nifike kwenye neno langu la kurudi. Siku ya kwanza utakayokwenda, kuna uwezekano mkubwa utaambiwa, "Mimi niko sawa." Utatoka ukifikiri ulikosea, au umejiingiza katika mambo ya watu. Usikate tamaa. Alikuwa anakupima. Mtu aliyeumizwa na maneno hafunguki kwa mgeni wa siku moja, hata mgeni huyo akiwa ndugu yake. Ukirudi, ataona kwamba hukuja kutafuta habari za kupeleka sokoni. Ukirudi tena, labda atakuwekea chai. Na siku moja, chai ikiwa mkononi, atasema. Ukimwambia utarudi Alhamisi, rudi Alhamisi. Ukikwama, piga simu. Kwa mtu ambaye tayari anaamini hana maana kwa yeyote, ahadi iliyosahauliwa inamuumiza kuliko kama hungeahidi kabisa. Na hayo aliyokueleza yabaki kwako. Wanaohitaji kuyajua ni wale tu wanaoweza kuokoa maisha yake.

Kusikiliza kuna mpaka wake pia. Ukiona halali kabisa, hali chakula, anasikia sauti, anaogopa watu wasiokuwepo, au miezi inapita na hapati nafuu, hapo mpeleke akatibiwe. Unaweza kuanza na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba za kijiji chenu. Unaweza kwenda Hospitali ya Kimethodisti, au Hospitali ya Nyambene hapa Maua, au ile ya rufaa kule Meru mjini. Na ukifika mapokezi usizungukezunguke. Usiseme anaumwa kichwa, mkapewa dawa za maumivu mkarudishwa nyumbani. Sema: "Nimemleta kwa sababu ya afya ya akili." Ana haki hiyo. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka wa 2022 na inatambua haki ya mgonjwa kutibiwa na kuheshimiwa, na serikali za kaunti zina wajibu wa kutoa huduma hiyo.

Nalisema hili la haki kwa sababu kuna nyumba, nanyi mnazijua, zenye chumba kinachofungwa kwa nje. Ndani yuko mwana wa mtu. Sikuja hapa kuwashtaki wazazi hao. Wengi wamezunguka kwa waganga na kwa wahubiri, wameuza ng'ombe, wamechoka. Wamefunga mlango kwa hofu, na kwa sababu hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Kama wewe ni jirani, anza na mama wa nyumba hiyo. Yeye naye hajalala. Mwambie, "Mama, leo pumzika, nitakaa hapa saa mbili uende sokoni." Akikuamini, ndipo mtazungumza habari za hospitali, na mwende pamoja.

Muda wangu unakaribia kuisha. Dakika hizi za mwisho si za jirani yako, ni zako wewe ambaye umekuwa ukinisikiliza tangu mwanzo ukijua kwamba ninayemsema ni wewe.

Karibu. Hujalaaniwa, na wewe si dhaifu. Unaumwa, na ugonjwa huu una matibabu. Huenda hakuna aliyekuja kukujulia hali, na inauma. Usingoje wote tujifunze. Chagua mtu mmoja usiku huu. Huna haja ya kumweleza kila kitu, wala kutafuta maneno mazuri. Mwambie tu, "Silali." Au mwandikie ujumbe wa maneno mawili, "Niko vibaya," umtumie kabla hujabadilisha nia. Kama hakuna unayeweza kumwambia hapa nyumbani, kuna watu kwenye simu ambao kazi yao ni kusikiliza, na hawatakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ni bure. Befrienders Kenya, 0722 178 177.

Nazisoma tena polepole, chukua kalamu au mwambie mtoto aandike. Msalaba Mwekundu: moja, moja, tisa, tisa. Befrienders Kenya: sufuri, saba, mbili, mbili, moja, saba, nane, moja, saba, saba.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutaendelea na maswali mtakayokuwa mmeleta, na nitaanza na la mama aliyeuliza afanye nini ikiwa mumewe amekataa kabisa kwenda hospitalini. Usiku mwema.